Televisheni ya Bei Kubwa, Picha Haikuridhishi: Tafuta Chanzo Kabla ya Kulaumu Kioo

Mtu akitoa milioni kadhaa kununua televisheni ya OLED (kila nukta inajiwakia mwanga wake) au Mini-LED (LCD yenye taa nyingi ndogo nyuma ya kioo) pale Luwum Street au Lugogo, Kampala, halafu wiki haijaisha picha ikaanza kumkera, neno la kwanza kumtoka ni: "Wamenipiga, hii ni feki." Mara nyingi si feki. Kioo kizuri huanika ubaya wote ambao televisheni ya zamani ilikuwa inauficha: chaneli iliyobanwa kupita kiasi, dekoda iliyopangwa vibaya, dirisha lililo nyuma ya kochi. Ndiyo maana nashikilia utaratibu mmoja. Anza na picha inakotoka, fuata njia yake mpaka kwenye skrini, kagua chumba, na kioo chenyewe kiwe mshtakiwa wa mwisho.

Kabla ya dalili yoyote, hakikisha unapima kwa picha unayoiamini. Zima kila kitu kilichoandikwa "Eco" au "Energy Saving". Kwenye aina za picha chagua "Filmmaker Mode", na kama haipo, "Cinema" au "Movie". Halafu cheza video ya 4K yenye ubora wa uhakika, ama kutoka kwenye flashi, ama kwenye intaneti yenye kasi ya kutosha. Netflix wenyewe wanapendekeza Mbps 15 kwa 4K na Mbps 5 kwa 1080p, yaani HD kamili, na saa moja ya 4K inaweza kula hadi GB 7. Kwa hiyo ukipima kwa bando la simu lililokaribia kuisha, unalipima bando, hupimi televisheni. Video hiyo ikionekana safi, mara nyingi kioo chako ni kizima, na shida unayoitafuta iko nyuma yake, kwenye chanzo au kwenye mipangilio. Jaribio hili peke yake linamaliza kesi nyingi kabla fundi hajafika.

"Mpira unaonekana kama una ukungu"

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na chanzo chake ni hesabu. Picha ya SD (ubora wa zamani, chini ya HD), ambayo bado ndiyo inayotumiwa na chaneli nyingi za antena tangu Kampala ilipohamia dijitali mwaka 2015, ina nukta 720 kwa 576, yaani 414,720. Skrini ya 4K ina nukta 3,840 kwa 2,160, yaani 8,294,400. Kwa kila nukta moja inayoletwa na chaneli, televisheni inabidi itengeneze nukta ishirini. Kumi na tisa kati ya hizo ni za kubuni. Chipu nzuri hubuni kwa akili, chipu duni hupaka, lakini hakuna inayoweza kurudisha namba ya jezi ambayo haikurushwa.

Hapa pana mtego. Mtu anabonyeza "Info" kwenye rimoti ya televisheni, anaona imeandika 1080, anasema, "Mbona hii ni HD?" Namba hiyo ni ile inayotoka kwenye dekoda, siyo ile iliyopokelewa na dekoda. Dekoda ikishaipanua SD yenyewe, televisheni haina njia ya kujua. Tazama kingo za herufi kwenye ubao wa magoli. Kama zina ngazi ngazi, au zimezungukwa na vumbi la rangi, chaneli ni SD hata menyu iseme nini. Hamia kwenye toleo la HD la chaneli hiyo hiyo kama kifurushi chako kinalo, ukae pale pale, ulinganishe.

Umbali nao una neno lake. Skrini ya inchi 55 ina upana wa karibu sentimita 122. Jicho zima huanza kuona nukta moja moja za picha ya HD ukikaa karibu zaidi ya mita 2 na kidogo. Kwa SD, ubovu huanza kuonekana kuanzia mita 4 hivi kuja mbele. Sebule za nyumba nyingi za kupanga, iwe Ntinda au Busia, zina mita 3 kutoka kochi hadi ukutani. Maana yake unakaa mahali ambapo HD inapendeza kabisa na SD inaudhi. Aliyetoka kwenye inchi 32 akanunua inchi 65 bila kusogeza kochi amejiongezea ubovu wa SD mara mbili, na duka halikumwambia.

Unachoweza kurekebisha ni hivi. Kwenye dekoda chagua 1080i (mistari ya picha inaletwa nusu nusu) au 1080p (inaletwa yote kwa pamoja), halafu uangalie ipi inatulia zaidi kwa televisheni yako. Kwa televisheni za bei ya juu mara nyingi 1080i inashinda, kwa sababu chipu ya televisheni huunganisha mistari vizuri kuliko dekoda. Kisha shusha "Sharpness". Watu huipandisha wakidhani wanaongeza ubora, kumbe inachora mstari mweupe pembeni mwa kila mchezaji na kuyatia chumvi makosa ya kubana picha. Kuna televisheni ambazo sifuri ndiyo sehemu isiyoongeza kitu, na nyingine ni katikati ya kipimo. Shusha mpaka ule mstari mweupe upotee, uishie hapo. Kuna pia kipengele cha kupunguza chenga, "Noise Reduction". Kwa chaneli za SD kiweke cha chini au cha kati, kwa 4K kizime.

Kama maandishi ya habari yanayopita chini ya skrini yamekatwa, badilisha ukubwa wa picha kuwa "Just Scan", "Screen Fit" au "Original". Televisheni inakuza picha kidogo na kukata pembeni, na ukuzaji huo unaongeza ukungu.

Picha ikivunjika vipande vipande mvua inaponyesha, hapo hakuna cha kugusa kwenye televisheni. Mawimbi ya setilaiti yanapungua nguvu kwenye mvua nzito. Kama inavunjika hata kwa wingu dogo, dishi limesogea au kiunganishi cha kebo kimeingia maji.

"Nyasi zina mabaka"

Uwanja wa mpira ni kipimo kikali kuliko filamu yoyote. Rangi moja, eneo kubwa, na kamera inasogea bila kutulia. Ukirudia mechi za CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, zilizochezwa uwanja wa Namboole Agosti 2025, mpira mrefu unapopigwa na kamera ikaufuata, ndipo unapoona kama skrini imepakwa uchafu.

Swali la kujiuliza ni moja: mabaka yanakwenda na uwanja, au yamebaki mahali pake wakati uwanja unapita nyuma yake? Yakienda na uwanja, nyasi zikageuka kuwa vibonge vya kijani kila kamera inapokimbia, chaneli imebanwa na kosa liko kwa mrushaji. Yakibaki pale pale, mfano karibu na kona ya juu kushoto kila siku, ni ya kioo. Thibitisha kwa picha ya kijivu mtupu ya asilimia 50. Ziko nyingi YouTube, na unaweza kutengeneza moja kwenye kompyuta ukaiweka kwenye flashi.

Kwenye LCD, hata za Mini-LED, mabaka hayo hutokana na mwanga wa nyuma au tabaka za kioo zisizolingana. Hayatibiki kwa menyu. Karibu kila kioo kina kiasi chake. Kinachofaa kurudishwa dukani ni kile unachokiona ukiwa unatazama mpira kawaida. Kile unachokiona tu kwenye kijivu ukiwa umebana jicho, usikitafute tena, maana ukishakijua hutakiacha.

Kwenye OLED ugonjwa unavaa sura nyingine: mistari ya wima iliyofifia, inayoonekana kwenye kijivu cheusi cha asilimia 5, au kwenye matukio ya usiku. Hapa kuna sababu ambayo sisi tulio Uganda tunajitengenezea wenyewe. OLED hujirekebisha yenyewe ikiwa imezimwa kwa rimoti lakini bado ina umeme. Baada ya matumizi ya jumla ya saa nne hivi, ikizimwa, inapima pikseli zake, yaani nukta za skrini, na kuzisawazisha. Sisi tuna swichi ukutani, tuna hofu ya radi na ya umeme unaoruka, kwa hiyo mechi ikiisha tu, mtu anazima ukutani. Televisheni haipati nafasi hata mara moja. Miezi inapita, mistari inakolea, kivuli cha nembo ya chaneli kinaanza kubaki, na mwenye mali anaamini kauziwa kioo kibovu.

Zima kwa rimoti, iache na umeme walau nusu saa, kisha zima ukutani kama roho yako haitulii. Siku radi inapiga, chomoa kabisa, usisubiri usawazishaji wowote. Na ile "Pixel Refresh" ndefu iliyomo kwenye menyu usiifanye kila wiki. Inaendeshwa pale tu televisheni yenyewe inapoiomba, au mistari inapokataa kuondoka baada ya usawazishaji wa kawaida.

"Nyuso za watu hazifanani na watu"

Mimi picha naipima kwa uso kuliko kwa kitu kingine chochote. Maua na kasuku wa video za dukani hawakuambii kitu, kwa sababu hujui kasuku yule alikuwa na rangi gani. Uso wa shangazi yako unaujua.

Televisheni nyingi hutoka kwenye boksi zikiwa kwenye "Vivid", "Dynamic" au "Standard", na zote hizo huwa na weupe uliovutwa kwenye bluu. Duka lina taa kali, na bluu inavuta macho. Nyumbani, ngozi nyeusi inapokea bluu hiyo na kuwa kama jivu, au rangi ikizidishwa, mashavu yanakuwa mekundu kama yamechomwa na jua. Kipimo ambacho watengenezaji wa filamu na vipindi hukitumia kwa weupe kinaitwa D65, karibu Kelvini 6,500, na kwenye menyu kiko jirani na "Warm 2" au "Warm 50". Ukihama kutoka "Vivid", siku ya kwanza utasema picha ni ya njano. Vumilia jioni mbili tatu bila kugusa. Jicho huzoea, halafu ukirudisha "Vivid" utajiuliza uliwezaje kuitazama.

Kuna jamaa Ntinda alinionyesha tamthilia iliyopigwa ndani usiku, taa moja ya mezani, mama na binti yake wanazungumza. "Fundi, huyu mama hana macho," akaniambia. Kweli, upande mmoja wa uso ulikuwa shimo. Tulizima "Dynamic Contrast", picha ikatulia kidogo. Tukaingia kwenye mipangilio ya HDMI ya kile kisanduku chake cha intaneti, tukakuta kinatuma kiwango kamili cha 0 hadi 255, kutoka weusi hadi weupe, wakati televisheni inasubiri kile finyu cha 16 hadi 235. Tulipovilinganisha, kope zikarudi, na mkunjo wa kitambaa cha kichwani ukaonekana. Kioo kilikuwa kizima tangu mwanzo.

Kosa hilo la viwango lina sura mbili. Kisanduku kikituma kamili na televisheni ikingoja finyu, weusi unameza kila kitu, na weupe nao unaungua. Ikiwa kinyume, picha nzima inafifia, nyeusi inakuwa kijivu, kama umetazama kupitia kioo chenye vumbi. Menyu hukiita kitu hiki "HDMI Black Level" au "RGB Range". Weka "Auto" pande zote mbili, na kama haisaidii, weka finyu pande zote mbili. Kwa filamu na televisheni, finyu ndiyo kawaida.

Ngozi nyeusi ndiyo inayokuambia ukweli kuhusu kivuli. Kati ya shavu lenye mwanga na shingo iliyo kivulini kuna ngazi nyingi ndogo za kahawia, na televisheni inayozikata ngazi hizo inakata sura. Picha ya biti 8 ina ngazi 256 kwa kila rangi ya msingi, ya biti 10 ina 1,024. Ukiona kwenye paji la uso mistari kama ya ramani ya milima badala ya mpito laini, angalia kwanza chanzo: chaneli iliyobanwa au intaneti iliyoshuka ubora. Video ya kuaminika ya HDR (picha yenye tofauti kubwa zaidi kati ya giza na mwanga) ikionyesha mistari hiyo hiyo, hapo shuku televisheni au mpangilio wa HDMI.

"Filamu inaonekana kama tamthilia" au "mpira unakokota"

Filamu hupigwa kwa picha 24 kwa sekunde. Televisheni ikibuni picha za katikati ili mwendo uwe laini, filamu ya gharama inageuka kuonekana kama imepigwa na kamera ya harusi. Jina hubadilika kwa kila kampuni: "TruMotion", "Motionflow", "Auto Motion Plus". Kwa filamu zima. Kwenye OLED, kwa kuwa pikseli hubadilika haraka mno, picha 24 zinaweza kuonekana zinarukaruka pale kamera inapozunguka polepole, kwa hiyo kuacha kipimo kidogo sana si dhambi.

Kwa mpira hali ni tofauti. Matangazo ya ukanda wetu ni ya mfumo wa 50, na dekoda hutuma 50. Ila kisanduku cha intaneti au fimbo ya HDMI mara nyingi huja kimepangwa kutuma 60. Ukitazama mechi ya moja kwa moja kupitia programu yake, picha 50 zinalazimishwa kuingia kwenye 60, na kila sekunde mpira unasita. Tafuta kwenye kisanduku kipengele cha kulinganisha kasi ya picha, "Match Frame Rate", ukiwashe. Kama hakuna, weka 50 kwa mkono. Watu wamelaumu intaneti kwa miaka kwa kosa hili.

"HDR ni giza"

Picha ya kawaida hutazamwa kwa mwangaza unaozidi ule wa studio bila wewe kujua. Studio hutengeneza picha hiyo ya kawaida, SDR, kwa niti 100 tu (niti ni kipimo cha mwangaza), na nyumbani televisheni inakupa mara tatu au nne yake. HDR haiko hivyo. Inaagiza kiasi mahususi cha mwangaza kwa kila nukta, na maagizo hayo yaliandikwa kwa chumba chenye mwanga hafifu.

Sasa fikiria chumba chetu. Mechi za Jumamosi za Uingereza za saa tisa mchana kwao, kwetu ni saa kumi na moja jioni, au saa kumi na mbili wakati wa baridi yao. Kampala jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja mwaka mzima, kwa hiyo kipindi cha kwanza unakitazama dirisha likiwa linawaka. Hakuna mpangilio unaoshinda hilo kama dirisha linaangaliana na skrini. Pazia nzito ni nafuu kuliko televisheni mpya. Kama chumba hakina budi kuwa na mwanga mchana kutwa, Mini-LED yenye mwangaza mkubwa ni chaguo bora kuliko OLED, na QD-OLED, aina ya OLED ambayo haina tabaka la kuzuia mwanga wa nje, nyeusi yake itageuka kijivu cha zambarau. Nalisema hili hata kwa wanaoipenda sana QD-OLED, mimi nikiwemo. Usiku, taa zimezimwa, sijaona kinachoizidi kwa rangi.

Giza likiendelea hata usiku, angalia kihisi cha mwanga na "Eco" tena, kwa sababu huwa na tabia ya kujiwasha upya kwenye kila aina ya picha. Washa "Dynamic Tone Mapping", inayorekebisha mwangaza wa HDR kulingana na tukio, ulinganishe. OLED ikipunguza mwanga pale tu skrini nzima inapokuwa nyeupe, hapo haijaharibika. Inajilinda. Na kama televisheni ni ya bei ya chini iliyobandikwa nembo ya HDR bila mwangaza wa kutosha, itazame kwa SDR, utafurahi zaidi.

Maandishi yenye moshi, chenga za nyota, na umeme

Tafsiri nyeupe juu ya giza ikizungukwa na moshi wa mwanga, hiyo ni LCD inayowasha taa za nyuma kwa kanda. Jaribu "Local Dimming" ya juu na ya kati, uchague isiyokuudhi. OLED haina tatizo hili. Picha ikipauka ukikaa pembeni, nayo ni tabia ya vioo vingi vya LCD. Kaa katikati.

Nyota nyeupe zinazometameta, au skrini kuzimika sekunde moja kila 4K HDR inapoanza, ni kebo. HDMI inayobeba Gbps 18 inatosha kwa 4K ya filamu na dekoda. Gbps 48 ni ya michezo ya kompyuta ya picha 120. Kebo ikipitisha picha bila kukatika, imeshamaliza kazi yake, na anayekuambia kwamba kebo ya bei mara kumi itaongeza rangi anakuuzia maneno.

Stabilaiza vilevile haiongezi ubora wa picha. Televisheni nyingi za leo zinapokea volti 100 hadi 240 na kuzigeuza zenyewe, kwa hiyo umeme kushuka hautabadilisha rangi ya uso wa mtu. Inunue kwa sababu ya kulinda mali, hasa umeme unaporudi kwa kishindo.

Pale kosa linapokuwa la kioo kweli

Mstari mwembamba wa wima usioondoka hata kwenye menyu ya televisheni yenyewe. Skrini nzima ya LCD iliyogeuka bluu au zambarau, maana gundi ya fosfori ya taa za nyuma imechoka. Miduara ya mwanga mkali, ambapo lenzi za taa zimedondoka. Sauti ipo, picha hakuna, lakini ukimulika tochi ya simu kwa pembeni unaona watu wakitembea gizani: taa za nyuma zimekufa. Sisimizi anayetembea ndani ya kioo, ambaye hupaswi kumbonyeza, kwa sababu akifia pale atabaki pale. Zima televisheni, washa taa nje yake, atatoka.

Nyingi ya dalili hizo zinaonekana mapema, kwa hiyo zitafute dukani. Nenda na flashi yenye picha ya kijivu cha asilimia 5, ya asilimia 50, nyeupe mtupu, na video moja ya mtu unayemfahamu uso. Omba muuzaji atoe "Store Mode", ile hali ya maonyesho ya dukani, na kuweka "Filmmaker Mode", kisha aweke chaneli ya SD, kwa sababu hiyo ndiyo utakayoitazama kwa saa nyingi zaidi. Fungua boksi lile lile utakaloondoka nalo, siyo lililoko kwenye onyesho. Akikataa kuliwasha, duka la jirani liko hatua kumi.